Dozi ya Mtoto na Programu Iliyofungwa

Jumatatu, 3 Machi

Kampuni iliyotuuzia programu ya famasi imetuma barua. Kuanzia toleo jipya, hakuna mteja atakayeona msimbo wa programu, yale maagizo yanayoiendesha. Wao tu! Sisi tubonyeze na kushukuru. Hospitali nzima inamtazama Mama Nukta, fundi wetu wa kompyuta — tunamwita hivyo kwa sababu nukta moja ikikosekana, hapati usingizi. Miaka tisa amekuwa akiufungua msimbo ule na kuongeza kinachotufaa. Ni yeye aliyeifanya programu ikatae dozi ya mtoto mpaka uzito uandikwe. Kampuni yenyewe haikuwahi kuwaza hilo.

Jumatano, 5 Machi

Wakala wa kampuni kaja na toleo jipya. Mimi mfamasia nikalijaribu kwenye kompyuta ya dirisha langu la dawa: mtoto mchanga, dozi ya mtu mzima. Likapokea, kimya! Wakala anasema tutume ombi, huenda likafikiriwa mwakani. Mimi ningemrushia kibodi. Mama Nukta akamvutia kiti, akamwuliza taratibu: na wateja wenu wengine, kaka, watoto wao wanalindwa na nani? Mama huyu! Katulia kama maji mtungini.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeitwa kwa mkurugenzi, wakala naye yupo. Kumbe mkataba unasema chochote kilichoongezwa kwenye programu ni mali ya kampuni, na nakala zote zirudishwe. Nikajua yamekwisha. Mama Nukta akasema wachukue — ila kizuizi cha dozi kiingie kwa wateja wote, si kwetu tu. "Andika hapo, kaka." Hakuomba hata jina lake litajwe! Jasho la miaka tisa, anatoa kama anayempa jirani chumvi. Nampenda mwanamke huyu, Mungu anisamehe.

Wakala akatoka kupiga simu. Karudi: wakubwa wamekubali, lakini mfamasia atie saini kwamba vipimo vya dozi kwa kila uzito ni sahihi. Hospitali mia na ushee zitavitegemea. Nani alivikagua? Mama Nukta akaninyooshea kidole.

"Huyu. Sijaandika namba ambayo hakuipitisha."

Kweli. Lakini nilivipitisha kwa hospitali moja, na kikombe cha chai mkononi!

Nimeomba kwenda msalani. Nimejifungia humu na jedwali la dozi na kikokotoo, nivipitie vyote upya kabla ya kutia saini. Kilo mbili — sawa. Kilo tatu — sawa. Mama Nukta kagonga mlango: nisiharakishe, yeye atawapigia soga. Kilo nne —