Bata Mzinga wa Mchungaji na Miaka 75 ya Skauti Wetu

Mpendwa Mshauri Ekua, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana mimi ni karani wa kanisa hapa Elmina, nina miezi minne tu kazini, na nimepewa kazi ya kuandika historia ya kundi letu la skauti na kuisoma mbele ya waumini wote, na kitambaa cha sherehe kimeshachapishwa "Miaka 75 Bila Kukatika", na kila mtu ameshashona nguo yake, hata mimi nina shati.

Tatizo ni kwamba nimesoma daftari la zamani la kundi, na miaka hiyo ilikatika. Mwaka 1962 marehemu Mchungaji Quansah alilivunja kundi kwa miaka miwili, kwa sababu skauti walipiga kambi nyuma ya nyumba yake wakamla bata mzinga aliyekuwa akimnenepesha kwa Krismasi, na walipoulizwa wakasema walikuwa wakifanya mtihani wa mapishi, na kiongozi wa kikosi kile ametajwa kwa jina, Kwamena Essilfie, ambaye leo ndiye mzee mkuu wa kanisa na ndiye mkubwa wangu wa kazi.

Nilimpelekea daftari kwa adabu. Akavaa miwani, akasoma, akaivua.

"Kijana, historia ni kama supu ya karanga. Wageni wanaletewa supu, mifupa inabaki jikoni."

"Lakini Egya," nikasema, maana wazee hapa tunawaita hivyo, yaani baba, "imeandikwa."

"Na imeandikwa huyo bata alikuwa mtamu? Haikuandikwa! Basi daftari lenyewe halina ukweli wote."

Jana Anti Araba, binti wa mchungaji, akapiga simu kutoka Kumasi. Anakuja, atakaa kiti cha mbele. "Mwanangu, usimsahau bata wa baba. Krismasi ile tulikula kenkey, donge la mahindi tu, na dagaa!"

Nikisoma, kazi sina. Nisiposoma, Anti Araba atasimama. Nimefikiria kuugua.

Ebo, karani, Elmina

Ndugu Ebo,

Pole, lakini usiugue. Ukiugua atasoma mwingine, naye ataharibu zaidi. Bata aliliwa hata mama yako hajazaliwa. Mzigo huo umejitwisha wa nini? Kosa lako ni moja: ulikwenda kwa mkubwa wako kuomba ruhusa ya kusema ukweli, badala ya kumpa nafasi auseme mwenyewe.

Kesho asubuhi rudi. Mwambie, "Egya, Anti Araba atakaa mbele, na bado anamkumbuka yule bata. Ukurasa wa mwaka 1962 nimekuachia wewe usome." Kisha nyamaza. Mzee anayejisimulia utundu wake hushangiliwa. Anayesimuliwa na wengine huchekwa mpaka kaburini. Ataelewa.

Kitambaa kivaeni hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kuvua nguo kanisani kwa sababu ya hesabu.

Akikataa, soma mwenyewe, taratibu, useme "kiongozi wa kikosi" bila jina, kisha keti. Jina atalitaja Anti Araba, na yeye hana mkubwa wa kumfukuza kazi.