Nukta ya Rangi ya Kucha kwenye Lenzi ya Zuhura

Jumapili, Riruta. Manyunyu tangu asubuhi, nguo nimezianika ndani kwenye viti, na mimi nimejikunyata kitandani na aibu yangu.

Nianze na lililo zuri. Jana nimeona mtu akifanya kazi ya kamera mpaka nikatamani kujifunza upya.

Kazi yenyewe nilikuwa nimepewa mimi. Ilikuwa kupamba, ile sherehe ya wanawake peke yao ambapo bi harusi huketishwa jukwaani, kisha mama yake anamfunua shela watu wamwone. Ukumbi uko katikati ya jiji. Simu zote zilikusanywa mlangoni, kwa hiyo picha za siku hiyo zingekuwa zetu wapiga picha tu. Na bi harusi, Salma, alilelewa na bibi yake, ambaye yuko Lamu, mgonjwa, hawezi kusafiri. Mama Salma alinikumbusha mara tatu kwamba video hii ni ya bibi.

Basi mimi nikakodi kamera kubwa, mpya, ya kutisha. Ukiibeba hiyo, hata wapishi wanakupisha njia. Nikamwita Zuhura awe kamera ya pili.

Zuhura ana kibanda cha vipodozi Kangemi. Kamera yake ni ya mtumba, ya bei ya watu kama sisi, mpira wake umebanduka akaufunga kwa plasta. Lenzi anayo moja, ya zamani, isiyojua kutafuta fokasi yenyewe ili picha itoke wazi. Lazima aizungushe kwa mkono. Nilizoea kumtania kwamba kamera yake inafaa kulazwa hospitalini.

Ijumaa, wakati mimi nachezea vitufe vya kamera ya kukodi, yeye alikwenda ukumbini. Alimkalisha mama anayefagia pale kwenye kiti cha bi harusi, akamfunika kanga, akamfunua, akamfunika tena. Mahali uso ulipoonekana wazi kabisa, akatia nukta ya rangi ya kucha kwenye pete ya lenzi, ajue pa kuisimamisha. Jana akaomba zile taa ndefu za juu ya jukwaa zizimwe, maana zinamfanya mtu aonekane yuko zahanati, na pazia la dirisha moja lifunguliwe. Hakumsumbua mtu. Alikaa chini, viwiko magotini, akangoja.

Mama Salma aliposhika shela, kamera yangu, inayojitafutia fokasi yenyewe, ilikuwa imeng'ang'ania shanga za lile shela. Shela likapanda, kamera nayo ikaendelea kuzitafuta shanga zake, mbele, nyuma, mbele. Ningeona, lakini vigelegele vililipuka, nami Mkamba wa watu nikapiga pamoja nao badala ya kukodolea macho kioo cha kamera.

Jioni nilipofika nyumbani ndipo nikaona. Uso wa Salma ni ukungu mtupu.

Nikampigia Zuhura nikiwa karibu kulia.

"Yangu iko sawa," akaniambia. "Tulia, Mwende. Kunywa chai kwanza."

Leo asubuhi nikapita kibandani kwake kuichukua, na hapo ndipo aliponionyesha ile nukta na kunisimulia habari za Ijumaa. Video yake, jamani! Uso wa Salma unatoka chini ya shela polepole, mwanga wa dirisha umelala kwenye shavu moja, watu walio nyuma wamekuwa rangi laini tu, na kope unaweza kuzihesabu. Haitikisiki hata kidogo. Nimeirudia mara kumi na bado naitaka.

Zuhura hakuweza kufunga kibanda Jumapili, kwa hiyo nilikwenda peke yangu mjini kuwaonyesha. Mama Salma alitazama, akalia, akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, una jicho wewe. Mungu akuzidishie. Dadangu anamuoza bintiye mwezi ujao, nitamwambia akuchukue wewe."

Nikajibu, "Ahsante, mama."

Hivyo tu. Nikanywa na kahawa yao, nikala na halua.

Hakuna aliyenilazimisha kunyamaza. Nilitaka ile harusi ya mwezi ujao, na nilitaka kuendelea kushikwa mikono vile. Mchana nikarekodi ujumbe wa sauti, nikafuta, nikarekodi tena, nikafuta. Wa tatu nikautuma kabla sijajishauri: "Mama, ile ya shela ni ya Zuhura, yule mwenzangu aliyekaa chini karibu na jukwaa. Yangu iliharibika. Kwa dadako, tafadhali mwite yeye."

Nikafikiri atanigombeza. Amejibu sasa hivi, naye kwa sauti, na nyuma yake nasikia watu wakicheka.

"Umefanya vyema kunambia. Nitumie namba yake. Na huyo Zuhura ni wa nani? Bibi ameshaiona video huko Lamu, machozi yamtoka. Ataka kumwombea dua kwa jina, yeye na mamake. Mamake aitwa nani?"

Namba nimetuma.

Miaka miwili nimefanya kazi na Zuhura. Najua lenzi yake ni ya milimita ngapi. Mamake anaitwa nani, sijawahi kumuuliza.

Naacha kuandika hapa, nimpigie.