Chumvi Niliyomwachia Mama

Church Point, Louisiana
Jumanne, 10 Machi 1998

Mpendwa Dada Elmire,

Shikamoo, na salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Mnaendeleaje huko Alaska na baridi yenu? Mguu wa shemeji Harlan umepona? Sisi ni wazima. Verna, mke wangu, anakohoa kidogo, lakini kikohozi hakimzuii kunigombeza. Mvua imenyesha wiki nzima na mabwawa ya kufugia kamba yamefurika.

Dada, tafadhali usikimbilie simu kabla hujaimaliza barua hii. Nimekupigia mara tatu nikitaka kusema, na mara zote nikaishia kukuuliza habari za theluji. Mdomo umenishinda, ndiyo maana naandika.

Ni habari ya ile Jumamosi tuliyochinja nguruwe. Walikuja watu wote, ukoo na majirani, na kila mwenye kisu alipata kazi. Mama alisimama kwenye beseni la boudin, soseji zetu za wali, kama kila mwaka. Unajua mwenyewe, hakuna anayegusa utumbo kuujaza mpaka Mama aonje ule wali na nyama, aseme "haya".

Mwaka huu nilimwondoa. Tangu Krismasi, alipotia pilipili mara mbili kwenye supu ya bata, nilikuwa namchunga kama polisi. Basi nikamshika mkono mbele ya watu, chumvi ikiwa bado kiganjani, nikamwambia, "Mama, kaa chini wewe. Hii niachie mimi." Mjomba Clovis akajaribu kutania, "Ursin, umeota ndevu lini?" Mama akafuta mikono kwenye aproni, akaenda kukaa barazani.

Nikachanganya mwenyewe: nyama na maini yaliyosagwa, majani ya vitunguu, wali, supu. Chumvi nikaitia kwa konzi, kwa mbwembwe, eti fundi. Nilisahau kwamba asubuhi, nyama ikichemka, nilishaitia chumvi ya kutosha. Mama hafanyi hivyo, yeye husubiri mpaka wali uingie. Mimi nilifanya yote mawili na wala sikuonja, maana nilikuwa nabishana na binamu yetu Nolan habari za trekta lake bovu.

Tulijaza, tukachemsha. Mjomba Clovis akakata kipande cha kwanza, akatafuna, akasita.

"Toba! Nani kamwaga bahari humu?"

Nolan alitema kwenye nyasi. Verna akauliza ni nani aliyetia chumvi.

Hapo ndipo nilipokumbuka, dada. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikaitazama bia yangu. Watu wakaanza kugeuka mmoja mmoja kumtazama Mama, wakidhani alikuwa ameshatia kabla sijamshika mkono. Naye akasema kwa sauti ndogo, "Ni mimi. Nisameheni jamani, kichwa changu hiki." Nolan akamwambia, "Si neno, Shangazi, uzee huo." Nami nikanyamaza kimya. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nimembebesha mama yangu aibu yangu! Kila nyumba ilichukua fungu lake kwa adabu, na nadhani mbwa wa mtaa huu walikunywa maji mengi wiki ile.

Tangu siku hiyo Mama haingii jikoni. Mwiko wake amempa Verna. Mengine unayajua: ulimpigia, ukamsikia analia, ukakubali ile nyumba ya wazee. Wewe huna kosa. Mimi ndiye niliyekuambia kwamba kichwa chake hakishiki tena, nami nilijua nasema uongo. Anahamia Jumatatu, nguo zake zimeshaingia kwenye masanduku.

Kwa padri niliungama, maana ni Kwaresima. Nilipewa rozari moja nikaimaliza garini kabla sijafika nyumbani, nikajiona nimepona kirahisi mno.

Leo asubuhi nilimkuta anaifunga picha ya Baba kwenye taulo. Nikashindwa kuvumilia. Nilipiga magoti pale pale nikamwambia yote. Hakuacha kufunga.

"Nilikuona," akasema. "Asubuhi nilikuwa dirishani. Mchana nilikuwa barazani."

"Uliniona nakosea ukanyamaza, Mama?"

"Uliniambia nikae chini. Nikakaa."

"Sasa kwa nini ulisema ni wewe?"

"Nilikusitiri mbele za watu, we mtoto. Nikajua jioni utakuja. Hukuja. Nikasema labda kesho. Leo ni siku ya ishirini na nne, Ursin. Haya, niambie ni kichwa cha nani hakishiki."

Nililia kama mtoto, sikufichi. Nikamsihi afungue masanduku. Amekataa. Anasema atahama, na safari hii si kwa sababu ya kichwa.

Jumapili baada ya misa nitasimama mbele ya wote waliokula ile boudin, niseme ilikuwa chumvi yangu. Sisemi hivyo ili unisifu. Nakuomba mpigie wewe, dada, kabla ya Jumatatu. Usinitetee hata kidogo. Mwambie tu kwamba sasa unajua. Mimi ananijibu vizuri, ananimiminia hata kahawa, lakini ameacha kuniita mwanangu.

Nisalimie shemeji Harlan, na Corinne na watoto wake. Mjomba Clovis anakusalimu, naye bado hajui lolote. Mungu awatunze huko mliko, awajalie msiwe na la kumficha mzazi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata kama leo utanichukia,

Ursin