Ego ya Kampire

Nyaishozi, Karagwe
28 Januari 2024

Mpendwa dada Restuta,

Shikamoo. Hamjambo huko Masasi na joto lenu? Shemeji Lameck anaendeleaje? Na huyo mtoto wenu tunayemjua kwa picha za simu tu, ameshaota meno mangapi? Sisi huku ni wazima wa mwili. Goti la mama limetulia kidogo, na baba kutwa yuko shambani anapambana na mnyauko, maana umeingia kwenye migomba ya upande wa barabarani. Bibi bado anauliza kama huko kwenu mnapata ndizi za kupika au mmeshageuka watu wa mihogo. Nimemwambia mnapata, ili alale.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu, dada, na mara zote tatu nimekata kabla hujapokea. Niliogopa uniulize habari za Kampire, nilie, udhani mdogo wako amekufa. Hajafa. Amefeli tena mtihani wa kidato cha pili, na kwa kuwa alikuwa anarudia, shule imemwondoa. Mama yenu, mama mdogo Adventina, alisema atakueleza mwenyewe. Sijui amekueleza nini, ila akija hapa kwetu anasema mwanawe hana kichwa cha vitabu. Si kweli, na mtu wa kukuambia kwa nini si kweli ni mimi.

Unakumbuka alipofeli mara ya kwanza ulinipigia ukasema, "Evaresta, mnakaa nyumba moja, mnasoma shule moja. Nishikie mdogo wangu." Nikakujibu usiwe na wasiwasi. Unanijua kwa mdomo, dada. Nilijibu hata kabla hujamaliza.

Mwezi wa pili mwaka jana, Mwalimu Deodatus wa hesabu akachagua wanafunzi kumi na wawili wa kidato cha tatu, tuwafundishe wenzetu wanaorudia. Kila mmoja alipewa mtu wake. Nilimwomba Mwalimu anipe Kampire, akakubali. Alituita Jumamosi mbili kutufundisha namna ya kufundisha. Tulicheka sana siku hizo, kwa sababu alitukalisha wawili wawili, mmoja ajifanye hajui. Mimi nilishindwa kabisa kujifanya sijui.

Mwalimu alisema mambo mengi, nami niliyaandika yote kwa kalamu ya buluu na vichwa vya habari kwa nyekundu. Kaa ubavuni mwake, usikae mbele yake. Kalamu ashike yeye. Na usimuulize mwenzako "umeelewa?", mpe swali afanye, wewe nyamaza uangalie. Ukifungua daftari langu utayakuta, yameandikwa vizuri sana.

Basi tukaanza, kila siku baada ya masomo, pale barazani kwetu. Mimi kwenye kiti cha baba, Kampire kwenye mkeka. Sikumwambia akae chini. Alikaa mwenyewe, kwa sababu ananiita dada, na kwetu mtoto aliyelelewa hawezi kukaa juu sawa na mkubwa wake anapofunzwa. Nami sikumwambia apande. Nilijiona nimeenea kwenye kile kiti.

Nilifundisha, dada, acha kabisa! Nilieleza sehemu, nikaeleza namba hasi, nikaeleza Kiingereza cha maswali, nikajiuliza na kujijibu. Kila nilipopumua nilimuuliza, "Umeelewa, Kampire?" Naye, macho kwenye daftari, aliitikia, "Ego."

Wewe umekulia Nyabiyonza, huhitaji nikufundishe ego ni nini. Bibi akisimulia tunaitika ego. Baba akitugombeza tunaitika ego. Ni kumwambia mkubwa kwamba nipo, nakusikia, endelea. Mtoto asiyeitika ego tunamwona hana adabu. Lakini mimi, Mnyambo wa kuzaliwa, niliyeitika ego maisha yangu yote bila kuelewa nusu ya niliyoambiwa, niliisikia ego ya Kampire nikaihesabu kuwa ndiyo. Mwalimu alikuwa ametupa fomu ya kutia alama kwenye kila mada ambayo mwenzako ameimudu. Kila Ijumaa nilitia alama. Mwezi wa nane fomu yangu ilikuwa imejaa kuliko za wote, nikasifiwa paredi, na watu wakaanza kuniita Ticha Eva. Nilipenda, sikufichi.

Kuna asubuhi moja inanitesa. Ilikuwa Novemba, wiki moja kabla ya mtihani, na senene walikuwa wameanguka wengi. Nilitoka nje nikamkuta Kampire ameshamaliza kuwanyonyoa, anawapima kwa kikombe. Vilikuwa vikombe sita. Akasema, "Nusu ya nyumbani, hivyo vitatu. Theluthi tumpelekee jirani, maana juzi alituletea, hivyo viwili. Kinachobaki kimoja, chetu mimi na wewe, tusimwambie mtu." Alisema haraka hivyo hivyo, mikono imejaa mabawa. Nami nikamwambia aachane na senene, aje tusome, muda umekwisha.

Tukakaa. Nikaandika kwenye daftari nusu jumlisha theluthi. Safari hii nilimpa kalamu, kwa sababu nilikuwa natafuna senene. Akaandika mbili juu ya tano. Alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kosa nililokwisha kumweleza tangu mwezi wa tatu. Nikachukua kalamu, nikafuta, nikaandika mwenyewe tano juu ya sita, nikaeleza upya kwa sauti ya juu kidogo. Umeelewa? Ego.

Tano juu ya sita, dada. Vitatu na viwili katika vikombe sita. Alikuwa amenijibu nusu saa kabla, akiwa amechuchumaa uani, na mimi ticha sikusikia.

Matokeo yalipotoka alikuwa kwenu Nyabiyonza kwa likizo. Mimi ndiye niliyeona kwenye simu ya Mwalimu. Nilirudi nyumbani nikachukua daftari lake la hesabu, lile kubwa, nione tulikosea wapi. Nililifungua ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwandiko ni wangu. Mifano ni yangu, majibu ni yangu, hata mistari ya kupigia vichwa vya habari ni yangu. Mwandiko wa Kampire nimeuona juu ya jalada, jina lake na kidato, na ile mbili juu ya tano ambayo bado inaonekana pale nilipofuta. Mwaka mzima, dada! Nilikaa kwenye mkeka pale pale alipokuwa anakaa, nikalia mpaka mama akatoka jikoni akidhani kuna msiba.

Nilimwendea Mwalimu Deodatus na daftari. Nilitaka anifokee. Alilipekua polepole, akanirudishia, akasema, "Wewe ulifaulu, Evaresta. Ulifaulu mtihani wa mwenzako." Kisha akaingia darasani. Mpaka leo nikipita karibu na ofisi ya walimu natazama chini.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Nyabiyonza. Kampire alikuwa kivulini kwenye kibanda cha kahawa, anasuka kikapu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini nilipomwona nikapiga magoti tu, kama ninayemsalimia bibi. Yeye akasogea kwenye mkeka, akanipa nafasi ubavuni. Akanipa sindano na ule mwanzo wa kikapu, ukubwa wa kiganja. Akasema, "Haya, endelea."

Nikamwambia sijui. Akashika mkono wangu, tukazungusha mara moja pamoja, akauachia. Nikakosea. Akanyamaza. Nikakosea tena, nyasi ikachomoka, akanyamaza tu, anatazama mikono yangu, hanitazami usoni. Mara ya nne ikakaa. Akatabasamu akasema, "Umeona?" Hakuwa amesoma maagizo ya Mwalimu wala kwenda Jumamosi mbili za mafunzo. Nilimwomba msamaha hapo, kwa maneno mabaya mabaya yasiyopangika. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba haelewi. Akafikiri, akasema, "Ulikuwa unajitahidi sana, dada. Niliona aibu kukukatisha."

Nimemtajia habari za kufanya mtihani wa QT, ule wa kumfungulia mlango wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alicheka, akasema amechoka kuonekana anajua.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu ni hili. Jumatatu iliyopita mama mdogo amempeleka Murongo, kule Kyerwa mpakani, kwa shangazi yenu mwenye mgahawa, akasaidie kupika na kuhudumia. Nilikwenda kumsindikiza kituoni. Alikuwa na begi lake la shule, ndani nguo. Kile kikapu alikuwa amekimalizia, akanipa mimi. Sehemu niliyosuka ipo katikati, imepinda, hakuifumua. Gari lilipokaribia kuondoka nilimshika mkono dirishani nikamuuliza, "Kampire, utakuwa salama huko?"

Akaniitikia, "Ego."

Tangu siku hiyo usingizi wangu si usingizi. Ningekuwa Evaresta wa mwaka jana, ningetia alama nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo dada, mimi sina haki ya kukuomba kitu, ila hiki nakuomba. Namba ya shangazi nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie Kampire, lakini usimuulize kama yuko salama, wala kama kazi ameizoea. Atakuitikia ego, nawe utakata simu umeridhika, kama mimi. Muulize jana alikula nini na alikula saa ngapi. Muulize analala chumba gani, na nani, na mlango unafungwa na nini. Muulize, halafu nyamaza. Hata akikaa kimya mpaka salio likaribie kwisha, wewe nyamaza tu, umngoje.

Baba na mama wanawasalimu sana. Bibi anasema mwaka huu mumlete mtoto amwone kabla macho yake hayajachoka kabisa. Msalimie shemeji Lameck, mwambie shemeji yake si ticha tena. Mungu awakunjulie mkono wake hapo Masasi, na auweke pia juu ya yule aliyeko Murongo.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ninayekungoja uniandikie hata kama ni kwa hasira,

Evaresta