Viti Vidogo Nyuma ya Kinyozi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kundi limeanza leo. Limeanza vibaya, na kosa ni langu.

Kituo cha afya kiliniomba niwaongoze wanaume wanaoacha miraa na vidonge. Walisema: Sugow, wewe ni kinyozi, wanaume wanakuambia mambo ambayo mshauri wa Nairobi hakuyapata mpaka joto likamrudisha kwao. Nikakubali. Nikasafisha stoo iliyo nyuma ya duka. Nilitaka wajisikie nyumbani — mkeka, mito ya kuegemea, chupa ya chai, njugu kwenye sahani. Saa nane, kwa makusudi. Ndiyo saa gari la miraa linaingia mjini kutoka Meru, na saa hiyo mtu anayeacha anahitaji mahali pa kuwa.

Wakavua viatu, wakaegemea mito. Kisha nikaona taya za Mohamud zinatafuna. Hana kitu mdomoni. Nilikuwa nimewatengenezea baraza la miraa, kila kitu kipo, majani tu ndiyo hayapo.

Fathi, aliyeacha chuo, akauliza kama anayemuuliza ami yake: Adeer, umetuita tuache ama tuanze?

(Naandika kwa Kiswahili. Ramlo, mke wangu, husoma kila kilichoandikwa kwa Kisomali, hata karatasi ya ndani ya dawa.)

Alhamisi, 9 Oktoba

Mkeka nje, mito nje. Nimeazima viti kwa Saado, mwalimu wa nasari hapa mtaani. Vya plastiki, vyekundu, vya watoto. Alivileta mwenyewe na mkokoteni wa punda. Akauliza kama vitamfaa hata mtu mwenye miguu mirefu. Nikasema vitamfaa. Akaenda.

Mohamud ameendesha lori la Wajir tangu barabara haijawa barabara. Leo magoti yake yalikuwa karibu na masikio. Safi kabisa. Mtu wa miraa hupanga kujenga ghorofa nne kabla ya magharibi. Kwenye kiti cha nasari huwezi kujenga hata choo.

Sheria tumeweka mbili. Anayekaa mara ya kwanza anasema jina na anachokiacha. Na linalosemwa stoo haliendi dukani.

Guled, fundi wa pampu za maji, aliongea kidogo. Zamani miraa mchana, vidonge usiku ili alale. Sasa hana hiki wala kile. Nalala kama mlinzi, akasema — jicho moja. Ni mrefu sana huyu. Alikaa na miguu yake ikafika katikati ya duara.

Jumatatu, 13 Oktoba

Guled amechumbia. Wajomba zake wameshaenda kukaa na baba wa msichana. Msichana ni Saado.

Niliangalia viti. Aliyoniuliza Saado mlangoni hayakuwa yangu kumfikishia Guled.

Guled anaogopa. Baba mtu akijua, hakuna harusi. Asipojua, siku moja atajua. Saado, anasema, hajui lolote.

Mohamud alikuwa na ushauri tayari: Lori unaliuza kwanza, walaal, ndugu yangu. Gia mbovu unazitaja baadaye.

Fathi: Buda, hapa hakuna lori. Ni wewe unauzwa.

Guled akacheka kidogo. Akasema pampu akiifunga na anajua ina ufa, ni yeye ataitwa usiku kuifungua.

Jumatano, 15 Oktoba

Mzee Duale alikuja kunyoa na kupaka ndevu hina. Ni dalali wa ngamia. Ni baba yake Saado.

Alingoja wembe ufike kooni ndipo akauliza. Sijui kwa nini — mwenye wembe nilikuwa mimi, na aliyetishika nilikuwa mimi.

— Guled huja hapa kwako.

— Wengi huja, mzee.

— Nikinunua ngamia siulizi anayemuuza, nauliza aliyemchunga. Wajomba zake wanauza. Wewe unakaa naye. Ni mtu wa aina gani?

Anayeulizwa habari za mchumba hana ruhusa ya kuficha. Hata mtoto wa madrasa anajua. Na aliyepewa siri hana ruhusa ya kuitoa. Hilo pia mtoto wa madrasa anajua. Mtoto wa madrasa hana duka la kunyoa.

Nikamwambia hina bado mbichi, asiongee, itaingia mdomoni.

Akanitazama kwenye kioo. Haye, akasema. Jumatatu itakuwa imekauka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nilimvuta Guled pembeni baada ya kikao. Mzee Duale ameniuliza habari zako, nikamwambia Guled. Lako sitalisema. Uongo sitausema.

— Basi utanyamaza, adeer. Na hapa kwetu ukiulizwa mchumba ukanyamaza, umeshajibu.

Ni kweli. Honi ya gari la miraa ikapita, leo limechelewa. Guled hakungoja chai. Nilisimama mlangoni nione anaelekea wapi. Alishika njia ya mtoni, si ya soko la miraa. Lakini njia ya mtoni nayo ina kona ya kurudi sokoni.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kila Ijumaa Guled hunyoa kabla ya swala. Leo hakuja. Nimemnyoa mtu mwingine vibaya.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Ofisi zimefungwa. Miraa haina sikukuu.

Nilifunga duka mapema, tukakaa nyuma. Kiti cha Guled kitupu. Kisha bakora ikagonga mlango na Mzee Duale akaingia. Alikuta duka limefungwa, akafuata sauti. Kabla sijafungua mdomo akakaa — kwenye kile kile kitupu.

Mohamud hamjui. Akamkaribisha vizuri sana. Karibu mzee, hapa mgeni anasema jina na anachokiacha, usione haya, wakubwa kama wewe wapo wengi.

Fathi anamjua. Fathi alikuwa anatazama dari.

Na hapo ndipo Guled akaingia. Akamwona. Nilidhani atageuka. Akavuta kiti kingine, akakiweka mbele ya mzee, akakaa, magoti kwa magoti.

— Naitwa Guled. Naacha miraa na vidonge. Vidonge sijagusa. Miraa nilirudia Alhamisi. Leo naanza tena.

Mzee alishika ndevu zake. Hina imeshika vizuri, hilo niliona. Halafu akapapasa chini ya kiti, mahali jina la shule limeandikwa kwa rangi nyeupe.

— Hivi ni viti vya Saado.

— Ndiyo, mzee, nikasema.

— Anajua vinakaliwa na nani?

Kuulizwa ni kuulizwa. Nikasema: Alivileta mwenyewe. Aliuliza kama vitamfaa mtu mwenye miguu mirefu.

Guled aliinua kichwa. Mzee akaitazama ile miguu, kuanzia goti hadi kiatu, kama anayepima ngamia. Akafungua mdomo. Na muadhini akaanza, alasiri.

Wote wametoka kwenda msikitini. Mbele mzee, nyuma Guled, kati yao hatua ambazo sikuweza kuzisoma. Mimi nimeswali hapa hapa, na sasa naandika.

Mohamud amerudi wa kwanza, mbio. Anauliza kama kuna kiti kikubwa. Mzee anarudi kukaa, anasema, ila kile cha watoto kinamuumiza magoti, na bado hajamaliza.

Hajamaliza nini?

Mohamud hajui. Amesema hivyo tu, bado hajamaliza.

Kikubwa hakuna. Kuna kile cha kunyolea, na kimefungwa sakafuni kwa nati nne. Naweka kalamu. Spana iko wapi.