Daraja Limefunguliwa, na Mzee Qin Kavuka

Yanzikou, mwezi wa tano

Kwa kaka yangu mpenzi Chengyou,

Shikamoo Kaka. Hamjambo huko Wuhan? Wifi Huilan mzima, na kikohozi cha mtoto kimepungua? Sisi huku wazima kabisa, ila mto umejaa maji ya mvua na mimi nimejaa habari, hata kalamu inaniteleza mkononi.

Daraja letu limefunguliwa! Hata wewe ulisema wanatudanganya, sasa limesimama kutoka sokoni kwetu hadi ng'ambo, juu kuliko paa la hekalu. Watu walishuka kutoka vijiji vyote vya milimani. Fataki zililia hadi kuku wa jirani wakakimbilia mashamba ya chai. Mama alikuwa bandani kwake kwenye ngazi za mto, anapakua uji wake wa soya na mboga, foleni imejipinda kama nyoka.

Na wa kwanza kuvuka kutoka ng'ambo alikuwa nani? Mzee Qin wa kivuko! Kavaa koti la sikukuu, begani mguu mzima wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi. Tukadhani anakwenda kuuza. Akaja moja kwa moja bandani, akauweka mbele ya Mama. Shangazi Peng muuza pilipili akapiga ukelele: "Haya, Mama Chengyou! Posa imekuja kwa miguu!"

Mama akamwuliza Mzee Qin kama jua la darajani limempiga kichwani. Akajibu kwamba miaka yote amekuwa akivuka asubuhi kwa kisingizio cha kazi, apate bakuli lake mkononi mwa Mama. Sasa kivuko kimefungwa, kisingizio hana. "Ama nikose uji," akasema, "ama niseme ukweli."

Watu walicheka mpaka mabakuli yakamwagika. Mama hakucheka. Alikoroga uji mpaka ukaungua, jambo ambalo sijapata kuliona, kisha akamwambia aondoke na mguu wake, watu wanataka kula. Akaondoka. Mguu akauacha.

Kesho yake Mama hakufungua banda. Alipanda kilimani kwenye kaburi la Baba na kikombe cha pombe ya mahindi. Aliporudi akasema amemweleza Baba kila kitu. Nikamwuliza Baba amesemaje. "Hakunikatalia," akasema. Akajifunga kilemba chake cha buluu, akalivuka daraja peke yake, kifua mbele, soko zima likimtazama.

Kaka, Mama yetu anaolewa!

Siku hizi yeye na Shangazi Peng wanafanya mazoezi ya nyimbo za kilio ambazo bibi harusi huimba akiaga kwao. Wanalia, wanacheka, wanatupiana maneno. Shangazi humwuliza mwali wa miaka sitini na moja anampelekea mume meno mangapi. Mama humjibu yanatosha kukung'ata wewe.

Ila sharti nikuambie: Mama hajui kwamba nakuandikia. Alinikataza. Anaogopa utaona haya mbele ya wakwe zako, au utadhani amemsahau Baba. Desturi yetu unaijua, bibi harusi hakanyagi kizingiti. Kaka yake humbeba mgongoni akamtoa nje. Kaka zake Mama wote wamekufa. Shangazi alipouliza nani atambeba, Mama alisema atatoka mwenyewe, miguu anayo, kisha akageukia ukuta akajifanya anatafuta chumvi. Nilijaribu kumbeba mimi, tukaanguka wote wawili.

Harusi ni tarehe nane mwezi ujao. Njoo, Kaka. Kama una hasira, njoo nazo, utazisema hapa hapa. Lakini mbebe kwanza.

Mpakate mtoto kwa niaba yangu, na Wifi mwambie chumba chenu nimeshakifagia. Majirani wote wanakusalimu. Mzee Qin naye angependa kukusalimu, ila bado anakuogopa.

Ni mimi mdogo wako,
Suqiong