Uzi wa Bluu

Shangazi mpendwa,

Nilimpenda yule kijana wa jirani aliyekwenda vitani, na sijamwambia mtu, hata yeye mwenyewe. Hapa kwa fundi, tangu nimalize shule, nashona vifungo na viraka vya sare za askari zilizorudishwa kutoka vitani, ili wapewe wengine. Juzi imerudi yake. Niliitambua kwa kola niliyomshonea kwa uzi wa bluu kabla hajaondoka. Kifuani ina tundu.

"Ziba, binti, usilikodolee macho," fundi alisema. "Kuna mwenzake anaisubiri."

Nikaliziba vizuri, shangazi, kana kwamba risasi haijui kutoboa mara mbili.

Leo mama wa yule kijana kaniletea kitambaa.

"Mshonee mwanangu shati la kuvaa akirudi. Mabega yake unayajua, au nasingizia?" Akacheka.

Nimeshakata.

Nakuomba, usimwambie mtu. Maadamu mama hajui, bado ana mtoto.

Mwanao, mshona vifungo